Neno "yaya", na siku tatu nilizompotezea mtoto

Mtoto alikuwa na miaka tisa, mimi nilikuwa na miaka minne kazini, na sote wawili tulizungumza Kiswahili. Hilo la mwisho ndilo lililoniponza.

Nafanya kazi na shirika dogo la kijamii hapa Nairobi. Tunasaidia familia za wakimbizi na wahamiaji kupata shule, matibabu na karatasi. Siku nyingine niko Eastleigh kwa Wasomali na Waoromo, siku nyingine Kayole na Kasarani kwa Wakongomani. Kuhoji watoto waliodhulumiwa hakukuwa kwenye barua yangu ya ajira. Kulinijia tu, kama kunavyomjia mwalimu, muuguzi au mama wa nyumba ya pili. Mtoto hatafuti mtu mwenye cheti, hutafuta aliyemzoea. Ninawaandikia watu hao, kwa sababu mimi nilikosea na waliolipia kosa langu ni wengine. Mambo machache nimeyabadilisha ili asijulikane mtu.

Ilikuwa Jumatatu, mwaka 2023. Mama mmoja kutoka Bukavu, mashariki mwa Kongo, muuzaji wa vitenge wa kutembeza, alinipigia simu: "Dada, mtoto hali, halali, giza likiingia analia. Njoo umwone." Nilipofika kwenye ploti yao Kayole alinikalisha kitandani, ndani ya chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia la maua. Akamwita binti, akamwambia, "Ambia tantini yote," yaani shangazi, kisha yeye mwenyewe akasimama mlangoni.

Makosa yalikuwa yamekwisha kuingia kabla sijafungua kinywa. Mama alikuwa anasikia. Majirani walikuwa wanasikia, maana ukuta wa mabati hauna siri. Na nyuma ya lile pazia kulikuwa na mtu. Nilisikia muziki wa simu ukizimwa ghafla tulipoanza kuongea, na sikuuliza ni nani.

Binti aliangalia vidole vyake vya miguu. Akasema kwa sauti ndogo sana, "Yaya anakuyaka usiku."

Nikaandika kwenye daftari: Yaya anakuja usiku.

Kwetu Kenya yaya ni msichana wa kazi, yule anayelea watoto. Na pale kwenye ploti alikuwepo mmoja. Kina mama wanne walikuwa wakichanga pesa kumlipa msichana wa kuwaangalizia watoto wakati wao wako barabarani na vitenge mabegani. Nilikuwa nimemsalimia getini nikiingia. Basi nikauliza, "Ni huyu yaya wa hapa nje?" Mtoto akamtazama mama yake, akainamisha kichwa. "Ndiyo." Nikarudia, "Una hakika ni yeye?" "Ndiyo." "Anakufanyia tabia mbaya?" "Ndiyo."

Sikumpa hata nafasi moja ya kusema sentensi yake mwenyewe. Maneno yote ya maana katika mazungumzo yale yalitoka kinywani mwangu, na yeye aliyapokea kwa adabu, kama alivyofunzwa kumpokea mtu mzima. Mtoto aliyelelewa vizuri Bukavu, Mogadishu au Machakos habishani na mkubwa. Ukimuuliza swali lenye jibu ndani yake atakurudishia lile jibu, na ukiuliza tena atadhani la kwanza halikukupendeza.

Kabla sijaondoka aliniuliza, "Utaambia watu?" Nikamjibu, "Sitamwambia mtu." Nilitaka kumtuliza. Nilijua kabisa kwamba jioni hiyo hiyo nitawaambia watu watatu.

Jambo moja nililifanya sawa: hospitali tulienda usiku uleule. Mtu yeyote anayesoma haya alishike hilo kabla ya mengine yote. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Usikae nyumbani ukisubiri mtoto amalize kusimulia, na usimwogeshe. Nguo alizovaa zitie kwenye bahasha ya khaki au uzifunge kwa gazeti. Mfuko wa plastiki huziozesha na kuharibu ushahidi. Polisi wakupe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, na fomu ya P3 ambayo daktari huandika majeraha, nayo hutolewa bure. Ukiwa umekwama hujui pa kuanzia, namba 116 ni ya watoto, hailipishwi, na hupokelewa usiku na mchana.

Lakini daktari naye aliandika nilichomwambia mimi. Neno "yaya" likasafiri kutoka daftari langu hadi kwenye fomu ya hospitali, na kutoka hapo hadi kwenye dawati la jinsia la kituo cha polisi. Nilipoandika ripoti yangu kwa Kiingereza, kosa likapigwa muhuri. Kiswahili hakikulazimishi kusema kama aliyekuja ni mwanamume au mwanamke, "alikuja" inatosha. Kiingereza hakikubali hivyo, ni lazima uchague. Nikachagua. Niliandika mwanamke.

Jumanne asubuhi yule msichana alichukuliwa. Alilala korokoroni siku mbili.

Alhamisi nilirudi kwenye ploti kumwona mtoto. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, mimi nimesimama kando yake. Mdogo wake, wa miaka minne hivi, alikuwa akivuta gari la kopo uani. Kamba ikakatika. Akainua kichwa akaita, "Yaya! Yaya, kuya!"

Kutoka upande wa bomba akaja kijana wa miaka ishirini hivi, amebeba mtungi wa maji wa lita ishirini begani. Akautua, akachutama, akafunga ile kamba. Mtoto aliyekuwa kando yangu alishika ncha ya sweta yangu akaikunja kwenye ngumi yake. Hakusema kitu. Nilihisi ile sweta ikivutika polepole kuelekea chini.

Nilimuuliza mama yake, pembeni, yaya maana yake nini kwao. Akashangaa kwamba sijui. "Yaya ni mkubwa wako, dada. Kaka mkubwa, dada mkubwa, wote ni yaya. Huyu ni mtoto wa baba mkubwa wao, tulikimbia naye." Na yule msichana aliyekuwa korokoroni, je, watoto walimwitaje? "Dada."

Kwa siku tatu, kuanzia Jumatatu jioni hadi Alhamisi, yule binti alilala chumba kimoja na mtu aliyemtaja. Alikuwa amemtaja kwa neno sahihi, kwa lugha yake, kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

Baadaye mwalimu mmoja mzee wa Bukavu, anayeishi Kasarani, alinieleza na jambo la pili nililolipoteza. Ile "ka" ya mwisho. "Anakuyaka" si "anakuja". Ni "huja", ni jambo la kila mara, lililozoeleka. Mimi niliisikia kama lafudhi tu nikaisafisha. Mtoto alikuwa ameniambia kwa silabi moja kwamba jambo hili lina miezi, nami nikaifuta silabi hiyo ili sentensi ipendeze. Tangu siku hiyo sisahihishi Kiswahili cha mtoto. Naandika "banasema", naandika "mu nyumba", naandika "anakuyaka" kama nilivyosikia, na tafsiri naiweka mstari wa chini, kando, ili mwingine aweze kunisahihisha.

Mahojiano ya pili yalifanyika Ijumaa, na sikuyafanya mimi. Aliyafanya mshauri wa watoto aliyefundishwa kazi hiyo, katika chumba chenye mkeka, bila meza katikati. Mimi nilikaa kwenye kona kwa sababu mtoto aliomba niwepo. Nilichokiona siku ile kimenifundisha kuliko semina zote nilizokwenda baadaye.

Dakika kumi na tano za kwanza hazikugusa jambo lenyewe. Mshauri alimwambia mtoto mambo machache: ukijua sema, usipojua sema sijui, usibahatishe, nikikosea nisahihishe, mimi sikuwepo, wewe ndiye unayejua. Kisha akamjaribu. "Wewe una miaka miwili, si ndiyo?" Mtoto akanyamaza. Akajaribu tena na jina la shule, akalikosea makusudi. Mtoto akatazama mkeka. Hapo ningemaliza mimi, ningesema ameelewa. Mshauri hakumaliza. Akamuuliza kwao wanapika nini. Sambaza, akasema mtoto, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu. "Ehe," akasema mshauri, "najua, mnawakaanga halafu mnawatia sukari."

Mtoto akainua uso. "Apana, tantini! Banatiaka chumvi!"

Basi, mlango ukafunguka. Akaeleza namna mama yake anavyowaosha sambaza mara tatu, anavyowaanika juu ya gunia, paka wa jirani alivyoiba. Alikuwa amefanya mazoezi ya mambo mawili kwa pamoja bila kujua: kumkatalia mtu mzima, na kusimulia jambo tangu mwanzo hadi mwisho. Mshauri alipoingia kwenye lile lililotuleta, hakuuliza "je, alifanya hivi?" Alisema, "Nasikia kuna jambo linakusumbua usiku. Nisimulie tangu mwanzo." Baada ya hapo maneno yake yalikuwa mawili tu: "Halafu?" na "Ikawaje?" Na palipokuwa na mtu: "Huyo ni nani kwenu? Analala wapi? Unamwitaje?"

Unamwitaje. Swali la neno moja, na mimi Jumatatu sikuliuliza.

Nimekuja kujua kwamba utaratibu ule haukuwa ubunifu wake. Uko mwongozo uliotengenezwa na Michael Lamb na wenzake huko Marekani miaka ya 1990, unaotumika sasa katika nchi nyingi, na msingi wake ni huo: kanuni kwanza, mazoezi ya kusimulia, kisha maswali yaliyo wazi. Kinachohitaji akili zetu wenyewe ni namna ya kuuleta kwetu. Huko mtoto akiambiwa "nisahihishe" huenda akasahihisha mara moja. Hapa, kwa mtoto aliyefundishwa heshima, unahitaji sambaza wenye sukari.

Jambo jingine ambalo Kiswahili kitakutega ni swali la kukanusha. Ukiuliza "Hakukupiga?" na mtoto akajibu "Ndiyo", anamaanisha ndiyo, umesema kweli, hakunipiga. Mwandishi akilipeleka hilo kwenye Kiingereza, "ndiyo" ile hugeuka ushahidi wa kupigwa. Nimeiona taarifa iliyoharibika hivyo. Achana na maswali ya "hakuku-" kabisa.

Ijumaa jioni kijana akakamatwa. Na kwa wiki mbili mtoto hakuzungumza nami. Nikifika anageukia ukuta. Nilikuwa nimemwambia sitamwambia mtu, na uani walikuwa wamejaa askari na majirani. Mama ndiye aliyeniambia: "Anasema wewe ni muongo." Ni kweli nilidanganya. Siku hizi mtoto akiniuliza, namwambia: "Nitawaambia watu wachache ambao kazi yao ni kukulinda, na kabla sijamwambia mtu nitakueleza ni nani." Wengine hunyamaza wakisikia hivyo. Nangoja. Afadhali kimya cha leo kuliko kugeuziwa ukuta kesho.

Na mama mwenyewe? Nilimlaumu moyoni kwa muda mrefu kuliko alivyostahili, kwa sababu aliniomba tuyamalize nyumbani. "Dada, faili yetu ya UNHCR itaharibika. Na huyu ndiye analipa nusu ya nyumba." Kijana alikuwa akibeba mizigo soko la Gikomba. Alikuwa pia mtoto wa shemeji yake, waliyekimbia naye, na hakuwa na mwingine. Wapo pia wakimbizi wanaokumbuka vizuri msako wa Aprili 2014, watu walipokusanywa na kuzuiliwa uwanja wa Kasarani, wengine wakapelekwa kambini. Ukiwatajia polisi, wanayasikia hayo. Nilipaswa kuketi naye saa nzima siku ya kwanza na kumweleza kwamba kumshtaki mhalifu hakumnyang'anyi mtu hadhi ya ukimbizi, na kumtafutia pa kupata ile nusu ya kodi kabla mwenye nyumba hajagonga mlango. Haki bila kodi ya nyumba ni mzigo unaomwangukia mtoto, kwa sababu yeye ndiye atakayeambiwa: umeona ulichotufanyia.

Eastleigh ni habari nyingine, na huko kosa langu lilikuwa kumwamini mkalimani. Mvulana wa Kisomali aliongea karibu dakika mbili mfululizo, mikono ikienda, macho yakijaa. Mkalimani akanigeukia: "Anasema hakuna shida." Nilimshukuru nikaandika. Ni mwenzangu wa ofisi aliyenishika mkono nje akaniuliza, dakika mbili zote ni "hakuna shida"? Kumbe mkalimani aliswali msikiti mmoja na mtu aliyetajwa, na walikuwa ukoo mmoja. Sidhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyejua kwamba kesho atakutana na yule bwana dukani.

Tulirudia kwa mkalimani wa simu aliyekuwa mji mwingine, asiyejua jina la familia. Nilimlipa shilingi 2,000 kutoka mfukoni mwangu, na ningelipa mara tatu. Kabla ya kuanza nilikubaliana naye: tafsiri kila neno, usifupishe, usipambe, akisema "mimi" nawe sema "mimi", neno lisilo na tafsiri niachie kama lilivyo unieleze baadaye. Ndivyo nilivyojifunza kwamba "adeer" ni baba mdogo au mkubwa, lakini pia ni mzee yeyote anayeheshimiwa, na zaidi ya hapo yule mzee naye humwita mtoto "adeer". Mtoto akisema "adeer alisema adeer njoo", bila kuuliza huwezi kujua ni nani. Nilijifunza pia neno "ceeb". Ni ndugu wa neno letu "aibu", yote mawili yametoka Kiarabu, na mvulana yule alilisema mara nne. Mkalimani wa kwanza hakulitaja hata mara moja.

Mvulana huyohuyo alikuwa na alama za kuungua tumboni, za duara, zilizopangika. Nilikuwa nimeshazihesabu kuwa ni ukatili wa mama. Zilikuwa tiba: alipougua manjano akiwa mdogo, kwao walimchoma kwa moto kama wazee wanavyotibu. Michubuko ya mgongoni ilikuwa kitu kingine, nayo ilikuwa na mwenyewe. Muulize mtoto na mzazi, kila mmoja peke yake, alama hii ilitoka wapi, na usiwe na jibu kichwani. Lakini pia usikubali mtu akukalishe chini akuambie kila kitu ni mila. Wazee walitaka kulimaliza la yule mvulana kwa maslaha, faini ilipwe, watu wapeane mikono. Nilikataa, na nitakataa tena. Nawaheshimu wazee wale na chai yao nimekunywa. Mtoto aliyeumizwa hayumo katika mkono unaopeanwa.

Kesi ya binti wa Kayole ilichukua zaidi ya mwaka. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inamruhusu shahidi dhaifu kulindwa asionane uso kwa uso na mshtakiwa, na kusema kupitia msaidizi. Mahakama inaweza kuamua hivyo yenyewe, lakini usingoje ikukumbuke, omba. Tuliomba. Na katika kesi za namna hii sheria ya ushahidi inamruhusu hakimu kutegemea neno la mtoto peke yake, mradi amemwamini na akaandika sababu. Ndiyo maana neno la mtoto lisichezewe. Wakili wa mshtakiwa alisimama na ripoti yangu ya kwanza mkononi, akaisoma polepole mahali palipoandikwa mwanamke, akamuuliza mtoto: siku ile ulisema ni mwanamke, leo unasema ni mwanamume, tukuamini lini?

Binti alikuwa na miaka kumi sasa. Alijibu kupitia kwa msaidizi: "Mimi nilisema yaya."

Hakimu aliuliza maana ya neno hilo katika Kiswahili cha Kongo, na yule mwalimu mzee wa Kasarani akaitwa kulieleza. Mtoto aliaminiwa. Anaishi sasa na mama yake mtaa mwingine, anasoma, na nikienda ananikaribisha, ingawa bado huniuliza, "Umekuja kuandika?" Nikienda kumsalimia tu, daftari naliacha ofisini.

Yule msichana wa kazi aliachiliwa Alhamisi ileile jioni. Nilikwenda kituoni kumchukua. Alitoka ameshika viatu mkononi kwa sababu kamba walikuwa wamezichukua. Nilimwomba radhi pale nje, barabarani, akaniambia, "Sawa," bila kuniangalia. Kina mama hawakumrudisha kazini. Hata walipojua ukweli, walisema watoto wameshasikia. Nilimtafutia kazi nyumba mbili, zote zikaniuliza aliachia wapi kazi ya kwanza. Mwezi uliofuata simu yake ilikuwa imezimwa. Nimerudi pale Kayole mara kadhaa, na mwenye duka la kona aliniambia alikwenda kwao Busia. Nilimwachia namba yangu kwenye karatasi ya sigara, aibandike ukutani karibu na mpesa. Mara ya mwisho nilipopita ilikuwa bado iko pale.